Anayeandika Asiweze Kufuta: Mwongozo wa Kulinda Kanzidata ya Ofisi

Alizeti ya Singida huanza kuvunwa mwezi wa tano. Kuanzia hapo ofisi ya chama cha ushirika, ya mnunuzi au ya mwenye mashine ya kukamua mafuta haina nafasi ya kupumua. Magunia yanapimwa, stakabadhi zinakatwa, na kila kilo iliyosomwa kwenye mzani inaingizwa kwenye kompyuta. Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida inayofahamika mjini kwa visima vyake vya maji, haihitaji jumba la mitambo ili kuendesha ofisi ya namna hiyo. Kompyuta nne za wafanyakazi, swichi moja, na kompyuta ya tano pale kona inayotunza faili ambalo wote wanalifungua: hiyo tayari ni ofisi kamili. Ndani ya faili hilo mna majina ya wakulima, kilo walizoleta, madeni ya mbegu na malipo yaliyobaki. Likipotea katikati ya msimu, hakuna anayejua nani anadai nini.

Mifumo mikubwa, kama FFARS ya fedha za vituo vya kutolea huduma au MUVU ya vyama vya ushirika, imewekwa kwenye seva za mbali zenye wataalamu wake. Lakini pembeni ya kila mfumo mkubwa kuna faili dogo la ofisi ambalo halimo katika orodha ya mtaalamu yeyote: rejista ya wanachama, daftari la ghala, orodha ya wagonjwa wa kliniki, karo za wanafunzi. Mwongozo huu ni wa yule anayelitunza faili hilo, awe karani, mhasibu, mwalimu wa takwimu au kijana wa TEHAMA.

Jambo lenyewe ni hili. Kufanya kazi ndani ya faili na kulifuta faili ni ruhusa mbili tofauti. Ofisi nyingi zimempa kila mtu zote mbili bila kujua, kisha zikabandika karatasi ukutani: "Msifute mafaili." Karatasi haitoshi. Mtunza ghala huingia na kutoka ghalani siku nzima, na hakuna aliyewahi kumpa ruhusa ya kulibomoa ghala. Kompyuta yako inaweza kupangwa vivyo hivyo, bila kununua kitu.

Faili hupoteaje

Ukizijua njia za upotevu utajua pa kuziba.

Njia ya kwanza ni kufuta moja kwa moja. Mtu anasafisha folda, anachagua mafaili ishirini ya zamani, na lako linakuwamo. Kwenye kompyuta yake mwenyewe angelikuta kwenye pipa la taka. Lakini faili lililofutwa kupitia mtandao kwa kawaida haliingii kwenye pipa la taka la Windows. Linaondoka papo hapo. Wengi hulijua hilo siku wanapolitafuta kule na kukuta patupu.

Njia ya pili ni kuburuta. Kidole kinateleza kwenye kipanya, na folda nzima inaingia ndani ya folda ya jirani. Windows haiulizi swali lolote inapohamisha kitu ndani ya diski ileile. Kesho yake asubuhi unasikia: "Dada, faili la wanachama silioni." Halijafutika, limehama, lakini kwa programu inayolitafuta ni kitu kilekile.

Njia ya tatu ni kubadilisha jina. Ya nne ni kulifunika: mtu ana nakala ya wiki iliyopita kwenye flashi, anaibandika juu ya faili la leo, anabofya "Replace", na kazi ya wiki nzima imekwisha.

Kuna jambo moja la kukusaidia. Faili la Access, yaani programu ya kanzidata ya Microsoft, likiwa limefunguliwa na mtu yeyote, Windows hukataa kulifuta, kulihamisha wala kulibadilisha jina. Kwa hiyo hatari haiko saa nne asubuhi kazi ikiwa imepamba moto. Iko asubuhi kabla wenzako hawajaingia, saa ya chakula, na jioni mtu mmoja akiwa amebaki kupanga mafaili yake. Ulinzi wako lazima ufanye kazi saa ambazo wewe haupo.

Kabla ya yote, chukua nakala

Usiguse ruhusa yoyote kabla ya kuwa na nakala. Waombe wenzako wafunge programu, nakili faili kwenye diski ya nje, lipe jina lenye tarehe, kisha lifungue pale kwenye diski na usome mistari michache ya mwisho. Ikilingana na stakabadhi za leo, chomoa diski, ifungie kabatini, ndipo uendelee.

Hatua ya 1: Gawa kanzidata sehemu mbili

Kanzidata ya Access inayotumiwa na watu kadhaa igawanywe. Sehemu moja ibebe majedwali tu, yaani data yenyewe, na ikae kwenye kompyuta ya pamoja. Sehemu ya pili ibebe fomu, ripoti na vitufe. Hii kila mfanyakazi awe na nakala yake kwenye kompyuta yake. Access ina chombo cha kazi hiyo, kinaitwa "Database Splitter", na humaliza kwa dakika chache.

Faida zake ni mbili. Karani akiifuta sehemu yake ya fomu, unampa nyingine na anaendelea kukata stakabadhi. Pili, baada ya kugawa, hakuna mfanyakazi mwenye sababu ya kuifungua folda ya pamoja. Anabofya alama iliyo kwenye skrini yake, na programu inajitafutia data yenyewe. Mkono usiofika kwenye faili hauwezi kulifuta kwa bahati mbaya.

Unapounganisha sehemu hizo mbili, tumia anwani kamili ya mtandao, kwa mfano \\SEVA\Kanzidata$, badala ya kuweka herufi ya diski kama Z: kwenye kompyuta ya kila mtu. Alama ya dola mwishoni mwa jina huificha folda hiyo mtu anapoperuzi mtandao. Hicho si kizuizi cha mwizi, kwa kuwa anayelijua jina ataingia. Ila kinawaondolea njiani wale ambao hawakuwa na shida nayo.

Hatua ya 2: Lipe faili folda yake, na kila mtu akaunti yake

Faili la data likae peke yake. Lisichanganywe na barua, picha za mkutano mkuu wala fomu za likizo, kwa sababu folda yenye kila kitu ndiyo ambayo kila mtu huisafisha. Tengeneza folda D:\Kanzidata kwenye kompyuta inayotunza faili, na ushirikishe folda hiyo tu. Usishirikishe diski nzima ya D.

Kisha tengeneza akaunti za watu kwenye kompyuta hiyo, kila mmoja na nenosiri lake. Akaunti moja inayotumiwa na wote hukunyima uwezo wa kutofautisha ruhusa, na siku ya tatizo hutajua lilianzia wapi. Weka makundi mawili: Watumiaji na Wasimamizi. Ruhusa zipewe kundi, si mtu mmoja mmoja. Mfanyakazi mpya akija unamwingiza kwenye kundi, akihamishwa unamtoa, basi. Kumbuka pia kwamba Windows ya kawaida ya ofisini, isiyo ya seva, hupokea kompyuta 20 tu kwa wakati mmoja. Kwa ofisi ya Mwankoko hizo zinatosha.

Hatua ya 3: Ondoa ruhusa ya kufuta

Hapa ndipo kiini cha kazi, na ndipo wengi hukosea. Fanya taratibu.

Bofya kulia folda ya Kanzidata, ingia "Properties", kisha "Security", kisha "Advanced". Zima urithi wa ruhusa kutoka juu kwa kitufe cha "Disable inheritance", na uchague zile zilizorithiwa zibaki kama za folda hii yenyewe. Sasa ondoa makundi mapana: "Everyone", "Users" na "Authenticated Users". Bakiza SYSTEM, wasimamizi wa kompyuta, na kundi lako la Wasimamizi lenye mamlaka yote.

Ongeza kundi la Watumiaji. Usichague "Modify", maana ndani yake mna ruhusa ya kufuta. Fungua orodha ndefu kwa kubofya "Show advanced permissions". Weka alama kwenye mistari yote ya kusoma na ya kuandika, pamoja na ya kutengeneza mafaili na folda. Minne tu iache wazi:

- "Delete"
- "Delete subfolders and files"
- "Change permissions"
- "Take ownership"

Hakikisha juu ya orodha pameandikwa kwamba ruhusa hizi ni za folda hii, folda ndogo na mafaili yote.

Kwa nini mistari miwili ya kufuta? Kwa sababu Windows humruhusu mtu kufuta faili akiwa na mojawapo tu kati ya mambo mawili: ruhusa ya kulifuta faili lenyewe, au ruhusa ya kufuta vilivyomo ndani ya folda inayolibeba. Msimamizi mwenye bidii anaondoa ya kwanza kwenye faili, anaisahau ya pili kwenye folda, na faili linafutika kama kawaida. Ziondoe zote mbili. Bila ruhusa ya "Delete" mtu hawezi pia kubadilisha jina la faili wala kulihamisha, kwa hiyo umeziba njia tatu kwa mpigo mmoja.

Usitumie safu ya "Deny" pale ambapo kuacha wazi kunatosha. Katazo hushinda kibali. Ukimkataza Mtumiaji kufuta, na wewe msimamizi ukawa pia ndani ya kundi la Watumiaji, umejifungia mlango mwenyewe.

Rudi sasa kwenye ushirikishaji wa mtandao. Huko mpe Mtumiaji ngazi ya "Change", na umwondoe "Everyone". Mtu anapoingia kupitia mtandao, Windows hupima ruhusa za pande zote mbili na kufuata ile kali zaidi. Hivyo "Change" ya kwenye mtandao haitampa uwezo ambao folda yenyewe imemnyima.

Mwisho, tazama mmiliki wa faili la data. Mwenye faili anaweza kujibadilishia ruhusa wakati wowote. Kama faili lilitengenezwa na karani aliyeanzisha kazi hiyo miaka mitatu iliyopita, yeye bado ndiye mmiliki. Hamishia umiliki kwa Wasimamizi.

Mambo manne yatakayokushangaza usipoyajua

La kwanza ni faili dogo la kufuli. Kila Access inapofunguliwa, pembeni ya faili la data huzaliwa jingine lenye jina lilelile na mwisho wa .laccdb, au .ldb kwa kanzidata za zamani za .mdb. Hilo ndilo linaloratibu nani anaandika wapi. Ndiyo maana Watumiaji lazima waweze kutengeneza mafaili ndani ya folda. Kwa kawaida mtu wa mwisho kutoka hulifuta. Kwa kuwa umeondoa ruhusa ya kufuta, litabaki pale hata usiku. Lisikutie wasiwasi, kazi ya kesho itaendelea juu yake.

La pili ni ukarabati. Access ina kitendo cha "Compact and Repair" kinachopunguza ukubwa wa faili. Kinachofanyika hasa ni kuandika faili jipya, kuondoa la zamani na kulipa jipya jina la lile. Mtumiaji wa kawaida hataweza tena kukifanya, na ndivyo inavyotakiwa. Zima chaguo la kukarabati kila faili linapofungwa. Kazi hiyo ifanywe na msimamizi, mara moja kwa mwezi, baada ya kuchukua nakala na wote wakiwa wametoka. Usiiache kabisa: faili la Access halivuki GB 2, na likikaribia kikomo hicho matatizo huanza. Kwa kuwa ruhusa umeziweka kwenye folda, faili jipya litazirithi.

La tatu ni Excel. Ofisi nyingi huita kanzidata kitu ambacho kwa kweli ni jedwali la Excel. Excel inapohifadhi kazi huandika faili la muda, huliondoa la awali na kuliweka jipya mahali pake. Ukiondoa ruhusa ya kufuta, watu watashindwa kuhifadhi kazi zao. Kwa Excel, tegemea nakala za mara kwa mara, na anza kuhamishia rejista hiyo kwenye kanzidata ya kweli. Programu za uhasibu kama Tally na QuickBooks nazo zina taratibu zake kuhusu folda ya data. Muulize aliyewafungia programu kabla hujabadilisha chochote.

La nne ni kufunika. Mwenye ruhusa ya kuandika anaweza bado kubandika faili jingine juu ya lile, mradi hakuna aliyelifungua. Ruhusa hazizibi tundu hili. Linazibwa na nakala.

Hatua ya 4: Jaribu kwa mkono wako

Ruhusa ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu. Tengeneza kanzidata ya uongo, Jaribio.accdb, iweke kwenye folda ileile, kisha keti kwenye kompyuta ya karani na uingie kwa akaunti ya Mtumiaji wa kawaida. Fanya haya kwa mfuatano:

1. Ifungue, ongeza mstari, ifunge. Ikubali.
2. Ifute. Ikatae.
3. Badilisha jina lake. Ikatae.
4. Ikate na kuibandika kwenye skrini ya karani. Nakala itatokea kwenye skrini, lakini ile ya awali lazima ibaki pale ilipokuwa.
5. Ibandikie faili jingine la jina hilohilo juu yake. Hapa itakubali, nawe utaona kwa macho tundu lililobaki.

Namba mbili, tatu au nne ikikubali, rudi ukatazame ile mistari ya kufuta, kisha uangalie kama mtumiaji huyo hayumo kwenye kundi jingine lenye mamlaka zaidi. Mara nyingi kosa liko hapo: miezi kadhaa nyuma mtu alipewa usimamizi wa kompyuta ili afunge printa, na hakuna aliyeuondoa.

Nakala: pale ruhusa zinapoishia

Kama kompyuta yenu ya pamoja ni Windows Server, washa nakala za kivuli, zinazoitwa "Shadow Copies". Uwezo huo umekuwamo tangu toleo la 2003. Seva hupiga picha ya hali ya diski kwa ratiba, kwa kawaida saa moja asubuhi na saa sita mchana siku za kazi, na hutunza hadi picha 64. Faili likiharibiwa saa nane, unabofya kulia folda, unaingia "Previous Versions" na kulirudisha la saa sita. Kama mnatumia kifaa cha kuhifadhia cha Synology au QNAP, washa pipa lake la taka la mtandao. Yanayofutwa na watumiaji yatakwenda huko badala ya kupotea.

Hata hivyo picha za kivuli ziko kwenye mashine ileile. Mashine ikiibiwa au ikiungua umeme unaporudi kwa nguvu, nazo zimekwenda. Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, ni rahisi kushika: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa ofisi ya Mwankoko hiyo ina maana ya faili lenyewe kwenye kompyuta ya pamoja, nakala ya kila jioni kwenye diski ya nje, na nakala ya kila wiki inayokwenda mjini, kwenye ofisi dada au kwenye sefu ya kiongozi mwenye dhamana. Kanzidata ya ofisi ndogo mara nyingi ni nyepesi, na bando la kawaida linatosha kuipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni kila Ijumaa.

Ichukue nakala watu wakiwa wametoka. Kwenye kompyuta inayotunza faili, fungua "Computer Management" na utazame "Open Files": itakuonyesha nani bado amelifungua. Faili linalonakiliwa huku linaandikwa linaweza kufika limeharibika.

Jihadhari na nakala za kioo. Amri ya Robocopy yenye /MIR huifanya diski ya nje ifanane kabisa na chanzo, na maana yake ni kwamba kilichofutwa huku hufutwa na kule. Huduma za kusawazisha kama OneDrive, Dropbox na Google Drive huenda kwa mwendo huohuo, na tena hazifai kuwekewa faili la Access linalofanya kazi, kwa sababu hugombana na kufuli lake. Nakala yako iwe na jina lenye tarehe, mfano Wanachama_2025-06-14, na isifunikwe na ya kesho. Tunza saba za siku, nne za Ijumaa, na moja ya kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima. Makosa mengine hugundulika baada ya wiki tatu.

Umuhimu wa nakala ya nje ya jengo ulionekana Pixar mwaka 1998. Amri moja ya kufuta iliyokosewa iliondoa sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa, na nakala za studio zikawa hazifai. Kazi iliokolewa na nakala aliyokuwa nayo nyumbani Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa filamu hiyo, aliyekuwa akifanya kazi kutokea huko baada ya kujifungua.

Somo la pili ni la tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa kazini usiku, alifuta folda ya kanzidata kwenye seva isiyo yenyewe. Kati ya GB 300 hivi zikabaki GB 4.5. Walikuwa na njia tano za kuchukua nakala, na walipozigeukia wakakuta hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Barua pepe za kuwatahadharisha zilikuwa zikikataliwa bila wao kujua. Waliokolewa na picha ya diski ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni ya wataalamu watupu ilifika hapo. Kwa hiyo kila mwezi chukua nakala moja, iweke kwenye kompyuta nyingine, ifungue, tafuta jina la mkulima mmoja na ulinganishe kilo zake na stakabadhi ya karatasi. Zikilingana, una nakala.

Faili likipotea licha ya yote

Waambie wote waache kuandika chochote kwenye kompyuta ya pamoja. Kisha fuata mpangilio huu.

Litafute kwanza kwa jina kwenye diski nzima. Mengi yanayodhaniwa kufutwa yameburutwa tu. Usipolipata, angalia "Previous Versions", kisha pipa la taka la kifaa cha kuhifadhia, kisha diski ya nje. Unaporudisha, liweke kwa jina jingine, lifungue ulikague, ndipo ulipe jina lake la kazi. Kama hakuna nakala kabisa, programu za kufufua mafaili zinaweza kusaidia kwenye diski ya kuzunguka, mradi hujaandika juu yake. Usiifunge programu hiyo kwenye diski ileile unayoiokoa. Kwenye diski za SSD matumaini ni madogo, maana huzisafisha nafasi zilizoachwa wazi zenyewe.

Pengo kati ya nakala ya mwisho na sasa huzibwa na karatasi. Ndiyo sababu vitabu vya stakabadhi na daftari la mzani visitupwe mpaka mwezi ufungwe na nakala yake ikaguliwe.

Mwenye kufuta asisimamishwe mbele ya wenzake. Mtu anayeogopa atanyamaza hadi jioni, na kila saa ya ukimya inapunguza nafasi ya kuokoa. Unachokihitaji kwake ni habari tatu: alibofya nini, wapi, saa ngapi.

Nani ana dhamana

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda, na kupotea kwake ni sehemu ya madhara inayoyalenga. Majina, namba za simu na akaunti za wakulima ni taarifa za watu. Vilevile diski ya nakala isizurure mezani: ifungwe kwa nenosiri na iwekwe kabatini.

Wasimamizi wawe wawili, ili mmoja akiugua au akihamishwa ofisi isikwame. Nenosiri la usimamizi liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, likae kwenye sefu. Msimamizi naye kazi zake za kila siku azifanye kwa akaunti ya kawaida, kwa sababu yeye ndiye pekee ambaye kompyuta haitamzuia. Na kila mtu anapohama, makabidhiano yataje kanzidata: iko wapi, nakala ziko wapi, nani anabaki na ruhusa.

Ofisi ikikua, hamishieni data kwenye seva ya kanzidata kama MariaDB, PostgreSQL au SQL Server Express, zote za bure. Hapo watumiaji hawaligusi faili kabisa. Wanazungumza na programu, nayo ndiyo inayoandika. Fomu zenu za Access zinaweza kuendelea kutumika mbele yake.

Pa kuanzia

Ukiwa na saa moja leo, chukua nakala na uifungue. Kesho toa saa mbili kwa ajili ya folda na ruhusa, ukijaribu kwa Jaribio.accdb kabla ya faili lenyewe. Ratiba ya baadaye si ndefu: kila jioni nakala yenye tarehe, kila Ijumaa moja itoke nje ya jengo, kila mwezi ukarabati na kurudisha nakala kwa majaribio, na kabla msimu haujaanza, kupitia majina yaliyomo kwenye makundi.

Ukimaliza, waite wenzako uwaeleze mabadiliko kabla hawajayagundua wenyewe. Waambie: "Ndugu zangu, kuanzia leo hakuna kati yetu anayeweza kulifuta faili la wanachama kwa bahati mbaya. Kazi yenu ni ileile na hakuna mnachonyang'anywa. Kompyuta ikikataa jambo, msilizunguke, niiteni." Mfanyakazi anayejua kwamba kosa lake la kidole haliwezi kuangusha ofisi hufanya kazi akiwa ametulia, na mkulima aliyeleta magunia yake atalipwa kwa kilo zilezile alizopima.